Hesabu na Neno: Ugomvi wa Washairi wa São Paulo na Rio

Ushairi konkreti, yaani ule unaolifanya neno kuwa kitu cha kutazamwa juu ya karatasi na si cha kusomwa tu, mara nyingi huelezwa kama kazi ya kundi moja lenye sauti moja. Nchini Brazili mambo hayakuwa hivyo.

Mwaka 1952 Décio Pignatari na ndugu wawili, Haroldo na Augusto de Campos, waliunda kundi la Noigandres mjini São Paulo. Ferreira Gullar, aliyeishi Rio de Janeiro, aliwavutia kwa kitabu chake cha 1954, A Luta Corporal, ambamo lugha inavunjwavunjwa hata maana inakaribia kutoweka. Katika maonyesho ya kitaifa ya sanaa konkreti, São Paulo Desemba 1956 na Rio mwanzoni mwa 1957, mashairi yao yalionyeshwa pamoja na michoro.

Umoja huo haukudumu. Juni 1957 Haroldo alitangaza katika Jornal do Brasil kwamba shairi lipangwe kwa hesabu, muundo ukitangulia maneno. Gullar, Oliveira Bastos na Reynaldo Jardim wakajibu katika gazeti hilo hilo kwamba shairi huanzia katika tajiriba.

Mwanaisimu atavutwa upande wa Gullar, kwani neno si tarakimu. Lakini Gullar aliwahukumu wenzake kwa tangazo lao kuliko kwa kazi zao. Katika shairi la Pignatari la 1957 juu ya tangazo la Coca-Cola, herufi chache zinapangwa upya, na kinywaji kinageuka uchafu. Ni mbinu ile ile ya mwalimu wa fonolojia anayepambanua “pata” na “paka”. Ila hapa hesabu ya herufi imezaa dhihaka ya kisiasa.

Hata hivyo mfarakano ulizaa matunda. Machi 1959 Gullar aliandika ilani ya sanaa mpya konkreti, akatia sahihi pamoja na Lygia Clark, Lygia Pape na wengine. Kisha akabuni shairi la kuzikwa: msomaji anashuka ngazi hadi chumba kilichochimbwa ardhini, nyumbani kwa wazazi wa mchoraji Hélio Oiticica, anainua mchemraba mmoja baada ya mwingine, na chini ya wa mwisho anakuta neno moja tu. Aliyewalaumu wenzake kwa ukavu sasa aliwapita kwa ubahili wa maneno. Mvua ikakijaza chumba maji. Kufikia 1962 Gullar alikuwa akitunga mashairi ya masimulizi kwa mtindo wa vijitabu vya sokoni, yenye vina vya kawaida.