Vijipicha Sita

Mwaka 2013 Ken Loach, mwongozaji filamu wa Uingereza, aliishiwa utepe. Ni kitu kidogo tu, utepe wa kuchapia namba pembeni mwa filamu ili picha na sauti zisipotezane. Yeye na mhariri wake, Jonathan Morris, walikuwa mezani wakiikata Jimmy's Hall kwa mkono, na utepe ule ulikuwa umeadimika kiasi kwamba ilibidi waombe hadharani. Waliojitokeza kuwasaidia ni Pixar wa Marekani, hao hao mabingwa wa katuni za kompyuta. Watu wakacheka. Mimi nilijisikia kama niliyemwona fundi seremala akiomba msumari kwa muuza viti vya plastiki.

Filamu ya kwanza ya Loach niliyoiona ni Kes, ya mwaka 1969. Nilikuwa mwanafunzi Dar es Salaam, ukumbi una feni moja, na projekta inanguruma nyuma yetu kama cherehani. Billy, mtoto wa mji wa makaa ya mawe wa Barnsley, alikuwa ameinua mkono wake wenye glavu kumwita kipanga wake. Mara filamu ikakatika. Taa ikawashwa, miluzi ikaanza. Bwana aliyekuwa akiendesha mashine hakutujali. Alivaa miwani iliyofungwa uzi sikioni. Alikata ncha mbili zilizochanika, akakwangua kwa wembe, akapaka gundi, akabana, akasubiri. Alisubiri kweli, huku akipulizia kidogo. Kipande alichokata kilianguka karibu na kiatu changu, nikakiokota: vijipicha sita, robo ya sekunde.

Siku ile ndipo nilipojua kwamba sinema ni kazi ya mikono. Ndivyo Loach alivyoifanya. Mpiga picha wake, Chris Menges, aliweka kamera mbali ili watoto wasahau kwamba ipo. Fimbo walizochapwa wavulana katika ofisi ya mwalimu mkuu zilikuwa za kweli, na nyuso zile hazikuigizwa (sisemi kwamba ni jambo jema). Waigizaji walipewa hadithi kidogo kidogo, ili la leo liwashtue leo. Kisha mezani, vipande vinaning'inia kwenye vijipini kama nguo za kuanikwa, na ukitaka kimoja sharti uinuke ukitafute. Ukiwa unatafuta, unawaza. Kompyuta imetunyang'anya huko kuinuka.

Lakini ufundi wa namna hii unakula muda, na muda ni fedha ya mtu. Waingereza waliwahi kuwa na akili nzuri juu ya hilo. Kuanzia miaka ya 1950, sehemu ndogo ya bei ya kila tiketi ilirudishwa kwa watengenezaji wa filamu za nyumbani. Waliiita Eady, jina la ofisa mmoja wa hazina yao. Hata shule yao ya taifa ya filamu, iliyofunguliwa mwaka 1971, ilinyweshwa kutoka chungu hicho. Hollywood nayo ilijua kuchota: filamu ikipigwa Uingereza ilihesabiwa ya Kiingereza, hata kama mfuko ni wa Marekani, na James Bond alikunywa akashiba. Kes yenyewe ililipiwa na United Artists.

Mwaka 1984 tiketi zilizouzwa zilishuka hadi kama milioni 54, katika nchi iliyouza zaidi ya bilioni 1.6 mwaka 1946. Wenye kumbi wakalia kwamba tozo inawaua, na serikali ya Margaret Thatcher, isiyopenda ruzuku, ikaifuta kwa sheria ya mwaka 1985. Katika miaka hiyo Loach alizuiwa kurusha makala zake juu ya vyama vya wafanyakazi, akaishia kupiga matangazo ya biashara. Mkono ule ule.

Runinga ya Channel 4, iliyoanza mwaka 1982, iliokoa baadhi. Ndiyo iliyomwezesha kutengeneza Riff-Raff, ya mwaka 1991, kuhusu vibarua wa ujenzi, iliyoandikwa na Bill Jesse, kibarua wa ujenzi mwenyewe. Baadaye ikaja fedha ya bahati nasibu, yaani maskini wakikwangua karatasi za bahati ili hadithi za maskini zipigwe picha. Kisha, mwaka 2010, serikali ikatangaza kuliua baraza la filamu lililokuwa likigawa fedha hizo. Februari 2011 filamu moja iliyosaidiwa na baraza hilo, The King's Speech, ikashinda Oscar ya filamu bora. Mwezi uliofuata ofisi zikafungwa.

Leo kazi ni tele. Nafuu ya kodi imewavuta Wamarekani, na kiwanda cha zamani cha injini za ndege huko Leavesden sasa ni studio ya Warner Bros. Maseremala na mafundi cherehani wa Kiingereza wanalipwa, nani atawalaumu? Ila wanajenga majumba ya wachawi na mashujaa warukao, na mtoto wa Barnsley anangoja mtu achangishe fedha kutoka Ufaransa na Ubelgiji.

Kile kipande bado ninacho, ndani ya kamusi. Juzi nilikielekeza dirishani. Kijani cha nyasi kimekwisha, buluu imekwisha, umebaki wekundu mtupu. Mkono wa Billy uko palepale juu, na glavu yake. Kipanga hayumo. Alikuwa kwenye vijipicha vilivyofuata, vile ambavyo yule bwana wa miwani aliviunga, akavigusa kwa kidole kuhakikisha vimeshika, ndipo akazima taa.