Karamu Mbili za Watoto na Kiswahili cha Nyumbani: Uhakiki Kutoka Lubaga

Katika kurasa za jarida letu tumezoea kuhakiki tamthilia, riwaya na diwani. Safari hii twaomba ruhusa ya wasomaji tuhakiki jambo ambalo huenda likaonekana dogo, nalo ni karamu za watoto pamoja na kazi za mikono zinazoweza kufanywa humo. Hatufanyi hivyo kwa kupungukiwa na vitabu. Twafanya hivyo kwa sababu tumeona kwamba Kiswahili cha watoto wetu hustawi au hunyauka nyumbani, wala si darasani peke yake.

Msomaji wa Unguja au Mombasa yafaa akumbushwe hali yetu. Lubaga ni sehemu ya magharibi ya jiji la Kampala. Ndani yake mna kilima chenye kanisa kuu la Kikatoliki lililojengwa kati ya mwaka 1914 na 1925, na mna mitaa yenye watu wengi kama Nateete, Ndeeba na Lungujja. Lugha ya nyumba nyingi huku ni Kiganda. Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, wakati wa utawala wa Idi Amin, na marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yakakifanya lugha rasmi ya pili. Lakini lugha haiingii nyumbani kwa tangazo. Watu wazima wengi walikisikia kwanza vinywani mwa askari. Maneno mawili hasa, "panda gari", yalibaki kuwa jina la misako ya miaka ya 1980, wakati watu walipokusanywa mitaani na kupakiwa katika malori. Mwalimu anayesahau historia hiyo hufundisha bila kuwajua wanafunzi wake wala wazazi wao.

Hivi karibuni tulialikwa katika karamu mbili za kuadhimisha siku ya kuzaliwa, zote katika nyumba za Lubaga. Ya kwanza ilikuwa ya fahari. Kulikuwa na keki ya orofa tatu, maputo ya kila rangi, na ngome kubwa ya kurukia iliyojazwa upepo, ambayo hukodishwa kwa siku. Ukutani lilitundikwa neno "Karibuni" kwa herufi za dhahabu. Wenyeji wetu walitukirimu sana, nasi twawashukuru. Hata hivyo, tukiipima karamu hiyo kwa kipimo cha sanaa, twaona kwamba watoto hawakuwa na la kutenda ila kula na kuruka. Na asiye na la kutenda hana la kusema. Neno lile la ukutani halikutamkwa na mtoto hata mmoja. Lilikuwa pambo miongoni mwa mapambo.

Ya pili ilifanyika uani, kando ya migomba. Watoto kumi na mmoja waliketi juu ya mkeka. Mama wa nyumba aliweka mbele yao maganda makavu ya shina la mgomba, ambayo Waganda huyaita byayi, pamoja na vitambaa vikuukuu, waya, vizibo vya chupa na soli za kandambili zilizochakaa. Kila mtoto alitakiwa kutengeneza mpira, mwanasesere au gari la waya, kisha aende nalo kwao. Maganda yalinyunyiziwa maji kwanza, kwani ganda kavu likikunjwa huvunjika. Hapo mama akasema, "Samaki mkunje angali mbichi," akaieleza maana yake huku ganda likipinda mkononi mwake. Hatujapata kusikia methali hiyo ikifafanuliwa vizuri zaidi katika darasa lolote, letu likiwamo.

Yafaa tuitazame kwa makini lugha iliyotumika. Mama alianza kwa kuamuru: "Nyunyiza! Kunja! Funga!" Watoto wakatii kimya. Baadaye, labda bila kukusudia, aliketi nao mkekani, akaanza kusema, "Tukunje hivi, tufunge hapa." Mara ndimi zikafunguka. "Uzi umekatika." "Ganda langu limepasuka." "Mpira huu ni wangu, ule ni wako." Upatanisho wa kisarufi ambao sisi huuchora ubaoni kwa majuma mengi ulijitokeza wenyewe, kwa kuwa kila mtoto alikuwa na mali ya kuitetea. Mwishoni kila mmoja aliulizwa alivyofanya, nao wakasimulia: "Nilinyunyiza maji, nikalikunja ganda, nikalifunga kwa kamba." Kiambishi -ka- kilipata kazi yake halisi ya kupanga matendo yanayofuatana. Aidha, watoto walifurahi kugundua kwamba mupiira, makansi, kitambaala na meeza, maneno wanayoyatumia kila siku katika Kiganda, ni ndugu wa mpira, mkasi, kitambaa na meza. Lugha waliyoiona ngeni ilikuwa imekwisha kuketi nyumbani mwao siku nyingi.

Kuna tukio moja ambalo hatuwezi kuliacha. Mvulana wa miaka sita alikamilisha gari lake, akalisukuma hadi alipoketi bibi yake, akamwambia kwa furaha, "Jjajja, panda gari!" Bibi alinyamaza. Sisi watu wazima tukatazamana, kwa kuwa tulijua anakumbuka nini. Mtoto, asiyejua lolote, akaongeza, "Twende Nateete tukanunue ndizi." Bibi akalitazama lile gari kwa muda, kisha akauliza kwa Kiganda kama lina nafasi ya kapu lake. Hatudai kwamba mchezo ulifuta aliyoyaona. Twasema tu kwamba maneno yale mawili yalipata maana ya pili siku hiyo, na mtoto huyo atakua akiijua maana hiyo kwanza.

Uhakiki usiotaja kasoro ni sifa tupu. Katika karamu hii ya pili, waya walipewa wavulana peke yao na wasichana wakasukumiwa wanasesere, kana kwamba vidole vya msichana havijui kupinda chuma. Ncha za waya hazikukunjwa, na kidole kimoja kilichomwa. Baadhi ya wazazi waliwapokonya watoto kazi ili waimalizie vizuri, hata mipira ikafanana yote. Lakini kasoro kubwa kuliko zote ilionekana keki ilipoletwa: pongezi, nyimbo na mizaha yote ilirudi kwenye Kiingereza. Watoto walifundishwa hivyo, bila mtu kusema, kwamba Kiswahili ni lugha ya kazi na Kiingereza ni lugha ya furaha. Kosa hilo ni letu walimu pia, kwani tumewafundisha kuomba ruhusa ya kwenda chooni kabla ya kuwafundisha kutaniana.

Kwa hiyo twawasihi wenzetu mambo machache. Kwanza, mwalimu aketi mkekani. Anayesema "tukunje" lazima naye akunje. Pili, mtoto aachiwe mpira wake uliopinda. Tatu, michezo ya hapa itumiwe. Omweso wa Waganda na bao la Waswahili yote yana mashimo 32 na kete 64; mashimo yanaweza kuchimbwa uani bila gharama, na kuhesabu kete ni somo tosha la namba. Nne, tangu mwaka 2022 twaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kila tarehe 7 Julai, aghalabu kwa hotuba ndefu ambazo watoto huzisikiliza wakiwa wamesimama juani. Mwaka ujao na tupunguze hotuba moja, tutandike mkeka, tulete maganda ya mgomba na ndoo ya maji. Tena wazazi waalikwe, hasa wale ambao Kiswahili walikisikia kwanza kwa hofu.