Kioo Juu ya Fedha

Ziara ya kifalme hufanikishwa na watu wasioonekana pichani: afisa wa itifaki aliyepanga kila hafla kwa dakika, mkuu wa polisi aliyekesha akikagua njia. Malkia Victoria alianzisha nishani ya Royal Victorian Order mwaka 1896 ili amtunuku mwenyewe aliyemtumikia, bila kungoja ushauri wa mawaziri. Warithi wake wameendelea kuitoa ziarani, kwao na ugenini. Waliotunukiwa wamesifiwa sana. Mimi namsifu fundi aliyeitengeneza.

Ni msalaba wa ncha nane, mweupe pe. Weupe huo haukupakwa, ni kioo. Fundi wa enameli husaga kioo kikawa unga, akauosha mpaka maji yatoke safi, maana chembe moja ya uchafu hubaki doa la kudumu. Unga ungali na maji, huupanga juu ya fedha kwa ncha ya brashi, kidogo kidogo, akiusogeza hadi kwenye kingo. Huusubiri ukauke, kwani unyevu ukiingia tanurini huchemka na kuutawanya. Kisha moto, karibu nyuzi 800 za Selsiasi, kwa muda mfupi mno. Hapo jicho ndilo linaloamua: unga hukunjamana, uso hulainika, hung'aa, na papo hapo kazi hutolewa. Akizubaa, rangi huungua na fedha huanza kulegea.

Kioo kikiyeyuka hunywea, basi fundi huongeza tabaka jingine, na moto mwingine. Halafu hukisugua kwa jiwe na maji mpaka kilingane na kingo za fedha, akakirudisha tanurini kipate mng'ao wake.

Katikati pana umbo la yai, jekundu, lenye herufi za Victoria. Mkanda wa buluu wenye jina lake umelizunguka, na taji liko juu. Nyekundu huwatesa mafundi, kwani juu ya fedha huelekea kugeuka rangi ya kutu. Ikitulia, nyekundu kweli, pana mtu aliyeijua kazi yake.

Daraja la tano la nishani hii halina weupe huo. Msalaba wake ni fedha tupu iliyofifishwa mng'ao. Wapo wanaoliona dogo. Kwangu ni zuri vilevile, kwa kuwa hakuna rangi ya kufunika kosa la mkono.

Ukiikuta nishani hii kwenye kabati la makumbusho, usiishie kusoma jina la aliyeivaa. Tazama pale kioo kinapokutana na fedha.