Kubadilisha, Kukunja na Kukoboa: Uhakiki wa Lugha ya Maelekezo ya Deki

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza lugha inayotumika katika karatasi za maelekezo zinazofungwa pamoja na deki, redio zenye tundu la flashi, na televisheni zenye uwezo wa kucheza muziki na filamu bila msaada wa kompyuta. Nyingi za karatasi hizo sasa zina ukurasa wa Kiswahili, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini mfasiri wa ukurasa huo hana budi kueleza kazi moja ngumu, nayo ni jinsi ya kutengeneza faili la sauti au la filamu ili chombo kiweze kulisoma. Hapo ndipo Kiswahili cha karatasi tulizozipitia kinapovunjika. Neno "kubadilisha" limebebeshwa kazi tatu zisizofanana, na moja kati ya hizo, ikishafanyika, haina njia ya kurudi.

Tuyapite upesi makosa yanayochekesha, kwa kuwa hayadhuru sana. Karatasi moja inakiita chombo chenyewe "mchezaji anayesimama peke yake". Ngeli ya watu imekipa chombo miguu, na msomaji wa kawaida atamfikiria mlinda mlango. Watu wana neno deki tangu enzi za kanda za video, nalo latosha. Karatasi nyingine inamwamuru mtumiaji "apunguze azimio la filamu". Azimio ni uamuzi wa mkutano; Watanzania wanalijua la Arusha la mwaka 1967, na hilo halikupimwa kwa nukta. Kinachotakiwa kupunguzwa ni idadi ya nukta zinazounda picha, mathalani kutoka 1920 kwa 1080 hadi 720 kwa 576, ambacho ndicho kipimo cha picha ya DVD katika nchi zinazofuata mtindo wa PAL. Kusema "ukubwa wa picha kwa nukta" ni kurefu kidogo, lakini hakuna atakayepotea njia.

Ili tuone uzito wa jambo lenyewe, yafaa tueleze kwanza kwa nini faili linalochezeka katika kompyuta hukataliwa na deki. Kompyuta yaweza kuongezewa programu kila siku. Deki, aghalabu, haiwezi: elimu yake imo katika chipu iliyotiwa kiwandani. Faili la filamu, kwa upande wake, lina mambo mawili ambayo lazima yatenganishwe. Kuna kasha, yaani ufungaji unaoshika pamoja picha, sauti na maandishi ya chini; AVI, MP4 na MKV ni majina ya makasha. Halafu kuna usimbaji, yaani namna picha na sauti zilivyoandikwa ndani ya kasha hilo, MPEG-2, H.264, H.265 na MP3 ni majina ya namna za kusimba. Deki yaweza kulifungua kasha ikashindwa kusoma kilichomo. Iliyoundwa mwaka 2008 haiwezi kuijua H.265, iliyoidhinishwa mwaka 2013, hata faili likitiwa katika kasha inalolijua. Mara nyingine picha huonekana bila sauti, kwa sababu usimbaji wa picha unajulikana na ule wa sauti haujulikani. Watu husema "deki haisomi", nao wamesema kweli. Karatasi ilipaswa kuwaambia ni kipi kisichosomwa.

Sasa tukitazame kitenzi chenyewe. Kazi ya kwanza inayoitwa kubadilisha ni kufuta herufi MKV mwishoni mwa jina la faili na kuandika AVI. Hapo ndani hakuna kilichoguswa. Ni sawa na kubandika karatasi ya chai juu ya pakiti ya kahawa. Kazi ya pili ni kuzitoa picha na sauti kama zilivyo katika kasha moja na kuzitia katika kasha jingine. Picha na sauti hazipunguki hata chembe, na filamu ndefu humalizika kwa muda mfupi. Kazi ya tatu ni kusimba upya: kompyuta husimbua picha moja baada ya nyingine, kisha huiandika tena kwa namna nyingine. Hii huweza kuchukua saa nzima au zaidi, na kwa kawaida kila ikirudiwa hupunguza kitu. Programu ya ffmpeg, iliyoanza mwaka 2000 na ambayo programu nyingine nyingi huitegemea, ina amri tofauti kwa kazi ya pili na ya tatu. Mafundi, basi, walikwisha kuzitofautisha zamani. Aliyezichanganya ni mfasiri, na anayelipa ni yule ambaye deki yake ilikosa kasha tu, naye akaisimba upya filamu ya harusi ya bintiye usiku kucha, akaamka kuikuta ina ukungu.

Katika sauti hasara ni kubwa zaidi, kwa kuwa haionekani kwa macho. CD ya muziki huhifadhi sampuli 44,100 kwa sekunde, kila moja ikiwa na biti 16, katika mikondo miwili. Hesabu yake ni kilobiti 1,411 kwa sekunde, yaani MB 635 hivi kwa saa moja. MP3 ya kilobiti 128 huifanya saa hiyo hiyo iwe MB 58 hivi. Tofauti hiyo haikuwekwa mahali ikingoja kurudishwa. Sehemu yake kubwa imetupwa. Wataalamu walioiunda MP3, wakiwamo wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, walikadiria ni sauti zipi ambazo sikio la mwanadamu halizitambui pale zinapofunikwa na nyingine, wakaziacha. Kwa muziki wa kustarehesha ni hila njema sana. Kwa kumbukumbu ya lugha ni jambo jingine kabisa.

Mwalimu mmoja wa Kiswahili alituonyesha kazi yake ya miaka kadhaa: sauti za wazee wa Mombasa wakisoma tenzi na kusimulia habari za zamani kwa Kimvita. Alitaka wanafunzi wazisikilize kwa redio ndogo ya flashi darasani. Karatasi ya redio hiyo ilimwambia "azibadilishe ziwe MP3 ya kilobiti 32" ili zienee, na kwamba akipenda "ataweza kuzibadilisha tena ziwe WAV katika ubora wa asili". Alifanya hivyo, akafuta rekodi za kwanza ili apate nafasi. Alipozirudisha, mafaili yalipata ukubwa wake wa zamani, bali sauti haikurudi. Katika kilobiti 32 sauti za juu ndizo zinazoachwa kwanza, na mpumuo unaotofautisha paa la nyumba na paa wa mwituni katika matamshi ya wazee wale una sehemu yake kubwa huko juu. Tenzi zinasikika na maneno yanaeleweka. Lakini mtafiti wa lahaja hawezi tena kuzitegemea kama ushahidi, na baadhi ya wasomaji wale wamekwisha kufariki. Hatumlaumu mwalimu. Kitenzi "kubadilisha" kikifuatwa na "tena" humpa msemaji wa Kiswahili haki ya kuamini kwamba kitu kitarudi kilivyokuwa, kama fedha iliyobadilishwa dukani.

Je, tuseme nini? "Kusimba upya" ni istilahi sahihi, na katika kitabu cha mafundi tungeibakiza. Ila imenyamaza juu ya hasara, na hasara ndiyo habari ambayo mwenye redio anaihitaji. Maneno "kubana" na "kufinya" yana ila hiyo hiyo: sponji iliyofinywa hufumuka. Tulifikiria "kupepeta", tukaliacha, maana kinachopeperushwa na ungo ni pumba zisizo na faida, na hapa kilichoondoka kilikuwa na faida kwa mtu fulani. Neno tunalolipendekeza ni "kukoboa". Kila nyumba inajua kwamba mahindi yaliyokobolewa hutoa sembe, laini na jeupe, na kwamba yasiyokobolewa hutoa dona. Sembe si chakula kibaya. Lakini hakuna mashine ya kulirudisha sembe liwe dona, na mama yeyote atamcheka anayeahidi hivyo.

Kinyume chake kuna upunguzaji usiopoteza, kama ule wa FLAC, ambao aghalabu hulifikisha faili la sauti kwenye nusu ya ukubwa wake au zaidi kidogo, kisha hulirejesha biti kwa biti. Huu tuuite "kukunja", na kurejesha kuwe "kukunjua". Kazi ya pili tuliyoitaja tuiite "kuhamisha kasha". Ya kwanza ina jina lake tayari: ni kubadili jina, basi.

Huenda mtu akasema kwamba tunapingana na kila tafsiri ya moja kwa moja. La hasha. "Kuchoma CD" ni tafsiri ya moja kwa moja, lakini mwali wa leza kweli huunguza tabaka la rangi katika CD tupu, na mtaa umelipokea neno hilo bila kutungoja sisi. Tunalolipinga ni neno linalomfanya mtu atende tofauti na alivyokusudiwa. Mfano mbaya kuliko yote ni "umbizo". Limekubalika kwa maana ya namna ya faili, nasi hatuna ugomvi nalo hapo. Lakini karatasi mbili tulizonazo zinaandika "umbiza faili kabla ya kutumia kadi", na katika ukurasa uo huo "umbiza kadi". La pili maana yake ni kufuta kila kilichomo katika kadi na kuipanga upya. Msomaji atawezaje kujua kwamba kitenzi kilekile mara ya kwanza hutengeneza na mara ya pili huangamiza? Kwa kadi tungependelea "kufuta na kupanga upya", maneno manne yanayotisha kiasi kinachostahili.

Kwa wafasiri walio na kazi hizi mezani, aya ya redio ya mwalimu yule twaweza kuiandika hivi: "Nakili rekodi ya asili na uiweke salama mahali pengine. Koboa nakala moja iwe MP3 kwa ajili ya redio. Nakala iliyokobolewa haiwezi kurudishwa kuwa ya asili." Sentensi ni tatu, na karatasi ya awali ilitumia tano.