Mkono Unaosoma Mwamba

Kijana alimpa mzee jiwe linalong'aa kuliko yote aliyokuja nayo. Mzee akalipokea kwa adabu, akaliweka kando. "Mwanangu, hili umelichagua wewe. Niletee ambalo halikuchaguliwa na mtu."

Ndivyo anavyoanza kila mara mzee huyu, aliyerudi Muheza baada ya kuumaliza ujana wake machimboni. Sampuli huikwangua mwambani kutoka ukingo hadi ukingo, penye rangi na pasipo rangi. Huponda, huchanganya, hutandaza, hugawa mafungu manne; mawili yanayotazamana huyaacha, mawili huyatupa. Hurudia hivyo mpaka libaki fungu dogo linaloweza kuusemea mwamba wote. Hapo ndipo kinu huanza kulia.

Kisha huja karai, na hapo ndipo nisipochoka kutazama. Dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji. Jiwe jeupe linaloibeba halifiki hata mara tatu. Elimu yote ya karai imesimama juu ya tofauti hiyo, nayo hutaka mkono mtulivu. Mzee huliinamisha, hulizungusha, maji yakaondoka na vumbi jepesi. Mchanga mweusi ukibaki, huusukuma kwa maji kidogo kidogo, na nyuma yake ukajitokeza mkia wa njano. Hutazama urefu wake, hutazama kama ni punje au unga. Punje yenye shaka huibonyeza kwa ncha ya msumari: dhahabu hulala bapa, pairaiti, madini yanayofanana nayo kwa rangi, huvunjika. Ndipo anapotoa hukumu: haya yaende kinuni, haya yangoje, haya ni kifusi. Viroba havichanganywi, kwa kuwa kiroba kimoja cha kifusi kikimwagwa kwenye mawe mazuri, karasha, maji na jasho vyote vimelipiwa kusaga utupu. Muheza tunalijua hilo: mnunuzi wa machungwa hupima kwa kiganja kabla ya kujaza gari.

Mwaka 2017 nchi nzima ilijifunza uzito wa sampuli, pale makontena 277 ya makinikia, yaani mchanga wenye madini, yalipozuiwa na kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikatumwa kupima kilichomo. Huku kwetu somo lilikuwa limekuja mapema zaidi, na halikusikilizwa. Miaka ya 2003 na 2004, habari ya dhahabu ilipovuma kijijini Sakale, maelfu walipanda milima ya Amani yenye msitu. Walichimba kwanza, wakauliza baadaye. Kingo za vijito zilifumuliwa na maji yakageuka tope, maji hayo hayo yanayoshuka Mto Zigi kwenda kunywewa Tanga.

Mkono wenye haraka ulijipatia pia kimbilio lake, zebaki. Asiye na subira ya kuosha huimwaga, akaichoma, moshi wake akauvuta yeye na wanawe.

Leo maabara zipo, na ni neema. Lakini maabara hupima kile tu ilicholetewa, na mfuko uliojazwa kwa tamaa utatoa jibu la tamaa. Sifa kubwa ya mzee huyu ni mashimo ambayo hayakuchimbwa kwa sababu yeye alisema hapana. Vijana wanaomjia huuliza dhahabu iko wapi, kisha huondoka karai halijakauka. Sijamsikia hata mmoja akiuliza ni kiasi gani, na kama kiasi hicho kinastahili msitu uliosimama juu yake.