Kimya cha Bi Harusi: Ndoa na Idhini katika Maisha ya Hamed bin Muhammed na Vuta N'kuvute

Katika masimulizi ya Kiswahili kuhusu ndoa za Waislamu, swali la nani anampenda nani hutanguliwa na jingine: nani ana haki ya kusema? Makala haya yanalichunguza swali hilo katika matini mbili zilizo mbali kwa wakati na kwa utanzu: tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, iliyochapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, na Vuta N'kuvute (1999), riwaya ya Adam Shafi. Inadaiwa hapa kwamba shabaha ya riwaya ya kisasa ya mahaba ni desturi ya kukihesabu kimya cha mwanamke kuwa jibu.

Tawasifu ya Tippu Tip ni kazi ya safari, biashara na vita, na Unyanyembe, penye Tabora ya leo, ni kituo kikuu katika njia yake ya misafara. Huko baba yake, Muhammed bin Juma, alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Msimulizi anaitaja ndoa hiyo ili kueleza nguvu alizopata baba yake nchini humo. Karunde ana jina, ana ukoo, na ndoa yake ina uzito wa kisiasa, kauli hana. Kwa kanuni za utanzu huo pengo hili si kasoro, kwa kuwa msimulizi anahesabu washirika na mali. Kwa mhakiki wa mahaba, hadithi inaanzia papo hapo.

Pengo hilo lina mwangwi katika fiqhi. Hadithi mashuhuri ya Mtume inaelekeza kwamba mwanamwali aombwe idhini, na kwamba kunyamaza kwake ndiko kuridhia kwake. Mafundisho haya huielewa haya ya msichana na kuistahi. Hata hivyo, anayenyamaza huenda ameridhia, ameona haya, ameogopa, au hana pa kwenda. Tanzu za kubuni zina nafasi ya kuzitenganisha hali hizo.

Adam Shafi anafanya hivyo kupitia Yasmin, binti wa Kihindi anayeozwa Raza, mwenye duka anayemzidi umri mno. Yasmin hajibu kwa hotuba. Anajibu kwa kuondoka. Anamwacha mumewe Mombasa, anarudi Unguja, anakataliwa na jamaa zake, kisha anapokewa na Mwajuma huko Ng'ambo. Mapenzi yake na Denge, mpinzani wa ukoloni, yanafuata baadaye. Mpangilio huo una maana: Yasmin anaikataa ndoa kabla ya kumpata mpenzi, hivyo kukataa kwake hakuwezi kuelezwa kuwa ni kupotoshwa na mwanamume mwingine. Udhaifu uko upande wa pili. Jamaa zake, hasa mwanzoni, wanasimama kama ukuta kuliko watu wenye hoja, na msomaji hapimi sawasawa wanachoogopa kupoteza.

Mazingira ya Sikonge, kusini mwa Tabora, yanaudhihirisha upungufu huo. Kwa Wanyamwezi Waislamu, taratibu mbili hukutana katika posa moja: mahari ya kisheria, ambayo ni mali ya bi harusi mwenyewe, na mali ya kimila, ambayo kwa desturi hupokewa na upande wa baba yake. Binti anayekataa posa huenda anairudisha mali ambayo kaka yake aliitegemea ili naye aoe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilitaka ridhaa ya hiari, lakini pia ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya baba. Mahakama Kuu iliyatamka masharti hayo ya umri kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaafiki mwaka 2019. Mvutano uliofika mahakamani ndio uleule ulio sebuleni.

Kwa hiyo, riwaya ya mahaba katika wilaya hii ya tumbaku na asali isipimwe kwa ushindi wa wapenzi pekee. Ipimwe kwa namna inavyompa baba hoja inayoeleweka, kisha ikampa binti nafasi ya kuijibu kwa kinywa chake. Vuta N'kuvute imetimiza nusu ya pili ya sharti hilo. Nusu ya kwanza ingali kazi ya watunzi, na wahakiki wanapaswa kuidai.