Kamba ndiyo iliyoushusha mkaratusi

Mogogosiek, eneo la Konoin, kaunti ya Bomet. Saa moja na nusu asubuhi, umande bado umelala juu ya chai, na vijana wanne wako chini ya mkaratusi wakibishania injini. Msumeno wa mnyororo huku kila mtu anauita pawa, na kila mtu ana pawa yake moyoni. Mmoja anaapa kwamba hakuna inayoifikia Stihl 070, lile dude zito ambalo wapasua mbao wamelizoea tangu enzi za baba zao. Mwenzake ni mtu wa Husqvarna: nyepesi, inawaka upesi.

"070 haichoki," anasema wa kwanza.

"Haichoki yenyewe. Utachoka wewe!"

Wote wanacheka, isipokuwa mpandaji. Yeye amekaa juu ya gunia, anaipitisha kamba yake yote katikati ya vidole, taratibu, akitafuta nyuzi zilizokatika. Amefika mahali fulani akasimama, akapapasa, akapakata kwa kisu, akafunga upya. Nilipomwona akifanya hivyo nilijua kazi itakwenda vizuri.

Mti wenyewe ulikuwa ukingoni mwa shamba, kwenye mteremko unaoshuka kijitoni, umeinamia chai. Mikaratusi ililetwa Kenya mwaka 1902 ili iwe kuni za reli, na viwanda vya chai vya Kericho na Bomet vikaipenda kwa sababu hiyo hiyo: boila zinahitaji kuni za kutoa mvuke wa kukaushia majani. Ndipo ikapandwa kila mahali, hata kando ya maji. Mwaka 2009 John Michuki, akiwa Waziri wa Mazingira, aliagiza iliyo kando ya mito na chemchemi iondolewe. Mingine ipo hadi leo, imezeeka, na kila mwaka inazidi kuwa migumu kuondoa.

Ungekuwa katikati ya shamba la kuni, mti huu ungelala chini kwa dakika chache. Lakini mwenye shamba alikuwa amewaambia, "Wanangu, chai yangu isiguswe." Ana haki. Mche wa chai ukivunjika, wa kuziba pengo huchukua miaka mitatu hivi kabla ya kuanza kuchumwa ipasavyo. Basi mti ulipaswa kushuka kipande kwa kipande.

Kamba ya kushushia ilipitishwa kwenye tagaa imara juu ya matawi yanayokatwa, ikarudi chini, ikazungushwa kwenye shina, na mwisho wake akapewa mzee wa kikosi. Hapo ndipo penye elimu yote. Mkaratusi mbichi una uzito unaokaribia ule wa maji, kwa hiyo gogo la mita 2 lenye kipenyo cha sentimita 40 lina kilo kama 250. Mtu mmoja hawezi kulizuia. Lakini msuguano wa kamba kwenye shina unajizidisha: ukichukua kipimo cha msuguano cha 0.25, mzunguko mmoja unapunguza mzigo karibu mara 5, na wa pili unaupunguza tena mara 5. Kwa mizunguko miwili, kilo 250 zinamfikia mzee zikiwa kama kilo 11. Ndiyo maana aliweza kushusha tawi nene huku akizungumza na mama mwenye shamba, akiilegeza kamba kidogo kidogo, mpaka majani ya tawi yakagusa nyasi.

Kosa la wengi ni kusahau tagaa. Kamba inavuta pande zote mbili, upande wa gogo na upande wa mshikaji, kwa hiyo tagaa linaweza kubeba mzigo unaokaribia mara mbili ya uzito wa gogo. Tena gogo likianguka kidogo kabla kamba haijakaza, mshtuko wake unazidisha mzigo huo. Mpandaji alilijua hilo. Kila mara alimpigia mzee ukelele, kamba ikakazwa kwanza, ndipo akakata.

Na pawa? Mpenzi wa 070 alitaka ipandishwe. Mzee akakataa: "Hiyo haipandi, kijana wangu." Alikuwa sahihi kabisa. Mashine hiyo ina zaidi ya kilo 10 kabla hujafunga baa na cheni, na ile ya asili haina breki ya cheni. Robo ya juu ya ncha ya baa ikigusa mbao, baa inaruka kuelekea usoni mwa mkataji, na aliyefungwa mtini hana pa kurukia. Kilichopandishwa kwa kamba ni kimsumeno cha kilo 4 hivi, ambacho asubuhi hakuna aliyekitaja.

Kilikata vizuri kwa sababu kilikuwa kimenolewa. Kwa cheni ndogo kama ile, tupa ni ya milimita 4, pembe ni digrii 30, na kila jino linapigwa idadi ile ile. Tazama kinachotoka: vipande ni dalili ya makali. Ukiona unga, cheni ni butu, na mtu ataanza kuisukuma pawa kwa mabavu, huko juu, mguu mmoja ukiwa kwenye gome linaloteleza.

Shina lilipobaki tupu, lilikatwa vipande vya kama futi 3, vikavutwa kwa kamba hadi upande wa kijito, juu ya matawi yaliyolundikwa kama godoro. Hakuna mche wa chai uliovunjika.

Jambo moja lilinisumbua. Wakati wa kukata, mpandaji alikuwa ameshikwa na kamba moja tu kiunoni, na pawa ilipita karibu nayo sana. Anayekata juu anapaswa kushikwa mahali pawili, na ule mshipi unaozunguka shina uwe na waya ndani. Kofia ngumu hakuwa nayo, miwani wala. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga, lakini vikosi vya namna hii huajiriwa kwa siku, na kila mtu humwachia mwenzake jukumu hilo.

Huku mvua hupenda kushuka alasiri, na gome la mkaratusi likilowa linakuwa kama sabuni. Kwa hiyo nawaomba wenye mashamba: kabla ya kupatana bei, omba uione kamba. Na mvua ikianza saa nane kazi ikiwa haijakwisha, mlipe mpandaji siku yake nzima ashuke, amalizie kesho.